HAWALA NA JINA: Jinsi Fedha za Waislamu Zilivyotiwa Shaka

Wenzetu wameandika habari za misikiti, za madrasa na za wazee waliotutangulia. Sisi tumepewa kuandika habari za jambo lisiloonekana kwa macho kama ukuta wa msikiti, ingawa bila ya jambo hilo mabati mengi yasingalipanda juu ya ukuta huo. Nalo ni fedha zinazoletwa na ndugu zetu walio mbali, na jinsi fedha hizo zilivyokuja kutiwa shaka kwa sababu ya dini ya mwenyewe na jina lake.

Tutaanza na habari ya hapa hapa kwetu. Mzee mmoja, jirani yangu, ana mwana anayefanya kazi katika nchi za Ghuba. Mwana huyo alileta fedha za karo ya wajukuu, nazo zikazuiliwa. Mzee alikwenda mjini Arua mara mbili akarudi mikono mitupu; mara ya tatu nikamsindikiza. Karani alikuwa mtu wa adabu. Akasema, "Mzee, mimi sina neno nawe. Mashine ya ng'ambo imelikamata jina lako, wanataka kujua kama wewe si mtu mwingine." Jina la mzee ni la Mtume wetu, na la baba yake ni Ahmad. Akaulizwa alizaliwa wapi na lini, na fedha ni za kazi gani. Tukajibu yote. Siku ya kumi na mbili fedha zikatolewa, lakini watoto walikuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani na mwalimu mkuu.

Tangu siku ile mzee huagiza fedha ziletwe kwa jina la mjukuu wake, ambaye katika kitambulisho chake ameandikwa jina la Kilugbara peke yake. Fedha hufika siku ile ile. Lakini jioni moja, tulipokuwa tukitoka msikitini, aliniuliza, "Mwalimu, wanangu wasema mtoto atakayezaliwa nyumbani kwetu tusimwite Muhammad, asije akapata taabu kama yangu. Wewe wasemaje?" Sikuwa na jibu la haraka. Makala hii ndiyo jibu langu, nami nimelitafuta katika historia.

ASILI YA HAWALA

Neno hawala ni neno la zamani, wala si neno la siri. Katika fikihi maana yake ni kuhamisha deni, yaani aliyekuwa akikudai wewe aende akalipwe na mwingine anayedaiwa nawe. Wanachuoni wameliandikia milango katika vitabu vyao, na Sahihi ya Bukhari ina kitabu maalumu cha hawala. Wafanya biashara wa Bahari ya Hindi walisafiri na barua za namna hiyo ili wasibebe dhahabu baharini na njiani, na Wahindi wa pwani yetu walikuwa na hundi zao, ambazo kazi yake ni ile ile.

Katika Kiswahili neno hilo liliingia mpaka katika ofisi za Serikali. Wazee wanakumbuka hawala ya posta. Tangu miaka ya 1920 vijana wengi wa West Nile walishuka kusini kufanya kazi katika mashamba ya pamba na ya miwa ya Buganda na Busoga, mathalani Lugazi na Kakira. Aliyetaka kumpelekea mkewe kodi ya kichwa au mahari ya nduguye alimpa mwenzake anayerudi, au alikwenda posta akalipa shilingi zake, akapewa karatasi, na karatasi hiyo ikalipwa katika posta ya kwao. Waislamu na Wakristo walisimama katika mstari mmoja, wala hapana karani aliyetetemeka kwa kulisikia neno hawala.

Hawala ya siku hizi haitofautiani sana na hiyo. Mtu aliye Dubai au Minneapolis humpa wakala fedha zake. Wakala humpasha habari mwenzake aliye Nairobi au Kampala, naye humlipa ndugu wa mpelekaji kabla fedha zenyewe hazijavuka bahari. Baadaye mawakala hao wawili husawazisha hesabu yao, aghalabu kwa bidhaa au kwa njia ya benki. Nguzo ya kazi yote ni amana na daftari. Mahali pasipo na benki, kama Somalia ilivyokuwa baada ya Serikali yake kuanguka katika mwaka wa 1991, njia hii ndiyo iliyowalisha watu.

Nasi wa West Nile tuliijua amana hiyo siku za taabu. Tangu mwaka wa 1979, na zaidi baada ya Oktoba 1980, watu wetu kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Huko uhamishoni fedha na barua zilipita mikononi mwa wasafiri, wa madereva na wa wachuuzi. Mtu alimkabidhi mwingine haki ya yatima akiwa na shahidi mmoja tu juu ya Mwenyezi Mungu, na haki ilifika.

KOSA LA MMOJA KUBANDIKWA WENGI

Siku hizo hizo tulijifunza jambo jingine lililo chungu. Baada ya Serikali ya Idi Amin kuanguka, mtu hakuulizwa alifanya nini. Aliulizwa anatoka wapi na anaitwa nani. Mwezi wa Juni 1979 Waislamu waliuawa katika nchi ya Bushenyi kwa sababu Amin alikuwa Mwislamu. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua watu waliokuwa wamekimbilia katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, kwa sababu walikuwa watu wa West Nile. Kwa hiyo jambo hili si la Waislamu peke yao. Kila anayehukumiwa kwa jina la kabila, la wilaya au la dini, amehukumiwa bila ya kusikizwa. Fedha kuzuiliwa si sawa na damu kumwagwa, wala hatutaki kuvilinganisha. Lakini mizizi ya fikira ni mmoja.

HABARI YA BARAKAAT

Tarehe 11 Septemba 2001 wauaji waliangusha majumba ya New York, wakaua karibu watu 3,000, na kati yao walikuwamo Waislamu. Hapana Mwislamu mwenye akili anayeweza kulitetea tendo lile. Serikali za dunia ziliazimia kuikata njia ya fedha za wauaji, na hilo ni haki yao. Tarehe 28 Septemba ya mwaka ule Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 1373, likaziamuru nchi zote kuzizuia fedha za ugaidi.

Tarehe 7 Novemba 2001 Serikali ya Marekani ilizifunga ofisi za Al-Barakaat, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za kupeleka fedha Somalia. Fedha zilizokuwa njiani zilikamatwa, na jamaa waliozingojea Mogadishu na vijijini wakakosa chakula cha mwezi. Dunia nzima iliambiwa kwamba hawala hiyo ndiyo mfuko wa magaidi.

Basi ikawaje baada ya uchunguzi? Wapelelezi wa Kimarekani walisafiri mpaka Falme za Kiarabu, wakayasoma madaftari ya kampuni hiyo. Katika mwaka wa 2004 watumishi wa Tume ya Marekani iliyochunguza mashambulio yale waliandika kwamba ushahidi wa kuiunganisha Al-Barakaat na fedha za wauaji haukupatikana. Waliandika pia kwamba wauaji walitumia dola baina ya 400,000 na 500,000, na kwamba fedha hizo zilipita katika benki za kawaida, hata katika akaunti za jimbo la Florida. Mlango uliovunjwa kwa kishindo sio uliopitwa na mwizi.

Huko Sweden Wasomali watatu waliokuwa na tawi la Barakaat waliingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa, fedha zao zote zikafungwa. Wawili walitolewa katika orodha katika mwaka wa 2002. Taasisi yenyewe iliendelea kudai, na kesi yake ikasikizwa pamoja na ya mfanya biashara wa Saudia aitwaye Yassin Kadi. Tarehe 3 Septemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyo Luxembourg, iliamua kwamba si halali kuifunga mali ya mtu bila ya kumwonyesha sababu na kumpa nafasi ya kujitetea. Hukumu hiyo ilitikisa Umoja wa Mataifa wenyewe, na mwezi wa Desemba 2009 Baraza la Usalama likaanzisha ofisi ya kupokea malalamiko ya watu walioandikwa katika orodha hiyo.

JINA KATIKA MASHINE

Lakini wengi wa waliotaabika hawakuandikwa katika orodha yoyote. Kosa lao ni kufanana na walioandikwa. Mwezi wa Julai 2006 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kutoka Dubai kwamba maelfu ya fedha zilizokuwa zikipelekwa makwao na wafanya kazi zilicheleweshwa au kuzuiliwa kwa sababu tu mpelekaji au mpokeaji aliitwa Mohammed au Ahmed.

Yafaa msomaji ajue jambo hili linavyotendeka. Kila fedha inayovuka mpaka hupitishwa katika kompyuta yenye orodha ya maelfu ya majina. Majina ya Kiarabu yakiandikwa kwa herufi za Kizungu huwa na sura nyingi: Muhammad, Mohamed, Mahamat, Muhamadi. Kwa hiyo mashine hufundishwa kukamata hata lile linalokaribiana. Nasi hatuna jina la ukoo kama Wazungu. Mtu hufuatisha jina lake na la baba yake na la babu yake, na yote matatu aghalabu ni majina ya Mitume au ya Masahaba. Katika mji mmoja utawakuta watu hamsini walio na jina moja. Mashine ikimtafuta mmoja mwovu, hamsini wema husimamishwa mlangoni.

Orodha nyingine si za Serikali, bali zinatungwa na makampuni na kuuzwa kwa mabenki. Mwezi wa Julai 2014 benki ya HSBC iliuandikia barua msikiti wa Finsbury Park, mjini London, kwamba akaunti yake itafungwa. Msikiti huo ulikuwa na sifa mbaya kabla ya mwaka wa 2005, lakini tangu mwaka huo ulikuwa katika mikono ya wadhamini wapya waliousafisha. Ilibainika kwamba orodha iitwayo World-Check, inayotumiwa na mabenki mengi, iliuweka msikiti katika fungu la ugaidi. Wadhamini walikwenda mahakamani, na tarehe 1 Februari 2017 kampuni ya Thomson Reuters, iliyokuwa mwenye orodha hiyo, iliomba radhi mbele ya Mahakama Kuu na kulipa pauni 10,000 pamoja na gharama za kesi.

Tutazame pia sababu za woga wa mabenki. Mwezi wa Desemba 2012 HSBC hiyo hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 huko Marekani, kwa kuwa ilizipitisha fedha za wauza madawa ya kulevya wa Mexico na kuvunja vikwazo vya fedha. Benki hiyo haikufungwa. Lakini mabenki mengine yaliingiwa na hofu, na katika mwaka wa 2013 Barclays ilizipa notisi kampuni karibu 250 za kupeleka fedha, nyingi zikiwa ndogo. Dahabshiil, iliyoanzishwa na Msomali katika mwaka wa 1970, ilipata amri ya Mahakama Kuu ya London tarehe 5 Novemba 2013 ya kuisimamisha notisi hiyo kwa muda. Wakati huo Wasomali walio nje walikuwa wakipeleka nyumbani takriban dola bilioni 1.3 kila mwaka. Tembo alilikanyaga shamba, na sungura akatozwa faini.

JIRANI ZETU WA KENYA

Habari ya karibu yetu zaidi ni ya Kenya. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakawaua watu 148. Sisi wa Uganda tulikwisha kuonja uchungu huo, maana tarehe 11 Julai 2010 mabomu yao yaliua zaidi ya watu 70 mjini Kampala. Baada ya Garissa, Serikali ya Kenya ilitangaza majina ya watu na vyama kadha wa kadha ikazifunga akaunti zao, na kampuni 13 za kupeleka fedha zikasimamishwa. Wakimbizi wa Dadaab na wafanya biashara wa Eastleigh walijikuta hawana njia. Mwezi wa Juni ya mwaka ule Benki Kuu iliziruhusu kampuni hizo kufanya kazi tena.

Kati ya walioandikwa walikuwamo Muhuri na Haki Africa, vyama viwili vya Mombasa vya kutetea haki za watu, na hasa haki za Waislamu wa pwani. Vilikosa mishahara na kodi ya nyumba, lakini havikukaa kimya wala havikurusha mawe. Vilifungua kesi, vikaonyesha hesabu zao, na katika mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaona kwamba hapana ushahidi wa kuviunganisha na ugaidi. Mwezi wa Novemba iliamuru akaunti zifunguliwe.

MAFUNDISHO TUNAYOYAPATA

Ndugu msomaji, tukizipanga habari hizi mbele yetu twaona jambo moja linalojirudia. Kila mara shutuma ilitangulia na uchunguzi ukafuata. Na kila mara aliyeokoka ni yule aliyekuwa na daftari lililoandikwa sawasawa na subira ya kwenda mbele ya hakimu. Kelele hazikumwokoa mtu, wala kujificha hakukumwokoa mtu.

Kwa hiyo twasema maneno mawili, na yote mawili ni ya kweli. La kwanza, kumshuku mtu kwa dini yake ni dhulma, nasi yapasa tuliseme hilo bila ya kuona haya. Sura ya Hujurat yatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na amri hiyo ni adabu njema hata kwa benki na kwa Serikali. Hata lile shirika la FATF, linalotunga kanuni za fedha za dunia, lilikuwa likisema tangu mwaka wa 2001 kwamba vyama vya hisani vina hatari ya pekee. Mwezi wa Juni 2016 liliyafuta maneno hayo, likakubali kwamba si kila chama kina hatari sawa.

La pili, sisi wenyewe tusiwape watu sababu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Sura ya Baqara, ni aya ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Je, tunaifuata? Fedha ya mabati ikiletwa na mfadhili wa mbali, nani aliyeiandika, na risiti iko wapi? Sheria ya Uganda ya kuzuia fedha haramu ni ya mwaka wa 2013, na maswali yake humpata kila mmoja. Basi chama chetu kiwe na daftari la mapato na matumizi, lisomwe mbele ya jamaa kila mwaka, na fedha zake zipokewe katika akaunti ya chama, si katika simu ya mtu mmoja. Na kila mtu achague namna moja ya kuliandika jina lake, iwe hiyo hiyo katika cheti cha shule, katika kitambulisho na katika simu. Nimemwona kijana mwenye Mohamed, Muhammad na Muhamadi katika karatasi tatu. Huyo ameifanya kazi ya mashine kuwa ngumu zaidi. Mtu akizuiliwa fedha zake, aombe sababu kwa maandishi, aandike tarehe na jina la ofisi, kisha alete habari kwa chama. Wengi tunaweza kuuliza kwa sauti moja swali ambalo mmoja hujibiwa kwa kutikiswa kichwa tu.

Tusiwasahau na wageni wetu. Omugo, ambayo tangu mwaka wa 2020 imo katika wilaya ya Terego, iliwapokea wakimbizi wa Sudan Kusini kwa maelfu katika mwaka wa 2017. Kati yao wamo Waislamu, na wengine huishi kwa fedha kidogo za ndugu walio mbali. Sisi tuliokula mkate wa uhamishoni twajua maana ya kuingoja fedha isiyofika. Anayejua kusoma na amsaidie asiyejua kuzijaza karatasi hizo.

Narudi kwa jirani yangu. Majina yetu ya Kilugbara, ambayo aghalabu hueleza hali ya nyumba siku mtoto alipozaliwa, ni mazuri, na Mwislamu hakatazwi kuitwa kwa jina la wazee wake. Lakini kulitumia jina kwa mapenzi ni jambo moja, na kuliacha jingine kwa hofu ni jambo jingine. Nilimwambia mzee kwamba jina la Mtume halijamdhulumu mtu. Aliyedhulumu ni aliyelisoma jina akaacha kumsoma mtu. Akanyamaza kitambo, kisha akaniomba nimwandikie karatasi za mtoto wakati ukifika, ili herufi zisikosewe.

Mtoto amezaliwa. Nimeliandika jina lake lote, la Mtume na la babu yake, herufi kwa herufi, kama lilivyo katika kitambulisho cha mzee.

Wabillahi taufiki.